Namna ya kuileta Carcassonne barazani kwa watu waliozoea bao na dhumna

Suali ni lile lile kila wiki. Mtu kaona tunacheza, kakaa, katizama, kisha ananivuta pembeni: hichi kitu kinachezwaje, na mie nikitaka kuanza na wenzangu nianze na gemu gani? Wengine wananipigia kutoka Unguja, wameletewa gemu la Kijerumani na ndugu aliyoko nje, wamelifungua usiku mmoja wakaanza kusoma karatasi ya sheria kwa sauti, nusu saa hawajatia hata kitu mezani, watu wakarudi kwenye dhumna lao na boksi sasa lipo juu ya kabati. Naandika yote hapa mara moja, ili mtu akiniuliza nimtumie.

Jibu langu ni Carcassonne, gemu ya mezani ya kuunganisha vigae vya picha mpaka itoke nchi. Catan, gemu nyengine ya mezani, naipenda na inasifika dunia nzima, lakini kwa baraza zetu sianzi nayo. Catan inataka watu 3 au 4, akiondoka mmoja katikati gemu imeharibika, na baraza ya kwetu watu wanaingia na kutoka, mara adhana, mara mtu kaitwa nyumbani. Halafu ina dadu. Hadithi ya Mtume ya kukataza dadu wengi wetu tunaijua, na baraza nyingi zina mzee ambae akisikia dadu linagonga meza anainuka anaondoka, na mzee huyo ndie mcheza bao mzuri kuliko sote, sasa utamkosa mtu uliyemtaka kwanza. Carcassonne haina dadu. Vigae vyake havina neno hata moja, ni picha tupu, kwa hivyo asiejua Kiingereza wala Kijerumani yuko sawa na aliyesoma. Inachezwa na watu 2 mpaka 5. Na kila kitu kipo wazi mezani kama bao, hakuna karata ya kuficha mkononi.

Kwa ufupi tu ujue unachokileta: ameitunga Mjerumani Klaus-Jürgen Wrede, ikatoka mwaka 2000, mwaka wa pili yake ikachukua Spiel des Jahres, ile tunzo ya Ujerumani ya gemu bora ya mwaka. Jina ni la mji wa kusini mwa Ufaransa wenye ngome na kuta za mawe. Sie hapa Wete, Pemba, jina lilitushinda ulimi, tunaiita "vigae" na kila mtu anaelewa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaita watu

Boksi la kawaida, bila ya nyongeza. Lifungue nyumbani uhesabu. Vigae vya ardhi ni 72, na kimoja mgongo wake una rangi tofauti, ya giza zaidi, hicho ndio cha kuanzia. Watu wa mbao ni 40, yaani rangi 5 na kila rangi watu 8. Na ubao mdogo wa kuhesabia pointi. Matoleo mapya yanakuja pia na vigae 12 vya mto na kijitu kimoja cha umbo jengine kwa kila rangi. Hivyo vitie kwenye mfuko, vifunge, usivioneshe mtu kwa mwezi mzima.

Mfuko wa kitambaa wa kuchotea. Sheria inasema vigae viwekwe vimefunikwa mezani, lakini barazani kuna upepo na kuna watoto, mfuko ni bora. Wangu nimeshonewa kwa kipande cha khanga, mkono unaingia vizuri na hakuna anaeona ndani.

Pahala bapa. Kigae kina upana wa kama sentimita 4 na nusu, na mchezo unatanuka usivyotegemea, mara unakwenda wote upande wa kushoto. Ubao wa keram unafaa sana kwa sababu ukingo wake unazuia upepo, ila ufute poda kwanza, au utandike kitambaa juu yake, maana kwenye poda vigae vinateleza na mtu akigusa kimoja vinahama kumi. Vikombe vya kahawa vikae chini, sio juu ya ubao.

Taa ya kuchaji, umeme ukikatika msianze kumulika na simu. Daftari na kalamu. Na watu: wewe na wawili, basi. Usianze na watano hata kama wote wanataka, waambie wakae watizame, watajifunza zaidi kuliko unavyodhani.

Hatua

1. Cheza peke yako kwanza, rangi mbili, mkono huu na mkono huu, mchezo mzima mpaka kigae cha mwisho. Watu wanairuka hatua hii na ndio inayowaangusha, kwa sababu ukiulizwa jambo ukaanza kupekua karatasi, baraza limekutoka. Mara moja inatosha, mara mbili ni bora.

2. Siku yenyewe, panga kabla hawajaja. Kigae cha kuanzia katikati, vigae 71 mfukoni, kila mtu watu 7 mbele yake, wa nane asimame kwenye ubao wa pointi, kwenye sifuri. Ukiwa na watu 3 kila mmoja atapata vigae 23 au 24, kwa usiku wa kwanza hesabu saa nzima mpaka saa na nusu. Baada ya Isha ndio wakati wake, alasiri watu wana haraka.

3. Karatasi ya sheria ibaki ndani ya boksi. Sema maneno machache tu, kwa mfano ukiwa na mtu mzima mbele yako: "Ami, sote tunajenga nchi moja hapa, kigae kimoja kimoja. Kuna njia, kuna miji, kuna nyumba za watawa. Ukimsimamisha mtu wako kwenye kitu na kitu kile kikakamilika, unapata pointi na mtu wako anarudi. Mwenye pointi nyingi mwisho ndie kashinda." Nyamaza hapo hapo, mpe mfuko.

4. Vigae sita vya mwanzo viwekwe bila ya watu kabisa. Kila mtu achote, aweke, apite, mara mbili mbili. Sharti ni moja: kila ukingo unaogusana lazima ufanane, njia kwa njia, mji kwa mji, majani kwa majani, na ni pande zote zinazogusa, sio ule mmoja anaoutizama yeye. Hili ndio kosa la kwanza la kila mtu, kaunganisha njia vizuri kabisa juu, kushoto mji umegota kwenye majani hajauona. Usimkemee, mwambie azungushe kigae mkononi kabla ya kukiweka, mkono unafundisha kuliko mdomo.

5. Vivunje hivyo sita, virudishe mfukoni, anzeni upya na watu. Zamu ina mambo matatu na mpangilio wake haubadiliki: chota uweke kigae, simamisha mtu ukitaka, hesabu kilichokamilika. Wafundishe waseme kwa sauti, "nimeweka, nimesimamisha, nahesabu", kwa sababu wengi wanahesabu kwanza, wanamrudisha mtu wao, kisha wanataka kumsimamisha yule yule kwenye kigae kile kile. Hairuhusiwi. Mtu anaerudi anatumika zamu ijayo.

Na mtu anasimama kwenye kigae ulichokiweka sasa hivi tu, sio kile cha zamu iliyopita ulichokisahau. Na hasimami kwenye njia au mji ambao tayari una mtu, awe wako au wa mwenzio, hata kama yupo mbali vigae kumi huko mwisho wa njia. Hapa ndio utapata ugomvi wa mwanzo, mfuatilie njia kwa kidole taratibu mpaka amuone yule mtu aliyeko kule.

6. Pointi wafundishe kila kitu kinapotokea, usiwape orodha. Njia ikikamilika, kila kigae pointi 1, njia ya vigae 5 ni pointi 5. Mji ukifungwa pande zote, kila kigae pointi 2, na kila ngao iliyochorwa ndani inaongeza 2. Kwa hivyo mji wa vigae 4 wenye ngao moja ni 10. Nyumba ya watawa inataka vigae 8 viizunguke, ikikamilika ni 9 kwa kujihesabu na yenyewe. Anaehesabu aguse kila kigae kwa kidole na wengine wamfuate, kama unavyohesabu kete mbele ya macho ya watu.

7. Hatua hii ndio nimeiandikia mwongozo wote, kwa hivyo isome mara mbili. Mcheza bao hatoipenda gemu hii kwa sababu ya kujenga miji mizuri. Ataipenda siku atakapogundua kwamba anaweza kukuzuia na anaweza kuingia kwenye mali yako. Ukingojea agundue mwenyewe huenda usiku ukapita, na akiondoka hajaona hilo hatorudi, ataisema ni mchezo wa watoto wa skuli wa kupanga picha. Wewe uifanye itokee ndani ya dakika ishirini za mwanzo, na ujifanyie mwenyewe au umfanyie kijana, sio mzee.

Kuzuia ni hivi. Mwenzio ana mji mkubwa unaobakisha tundu moja. Wewe huwezi kuugusa, lakini unaweza kuweka kigae pembeni ya lile tundu, kiasi kwamba kitakachoingia pale sasa lazima kiwe na mji upande huu, njia upande ule, majani hapa, na kigae cha namna hiyo ni kimoja mfukoni au hakipo kabisa. Mji wake haufungiki na mtu wake yumo ndani mpaka mwisho wa mchezo. Kati ya saba kabakiwa na sita.

Kuingia ni hivi. Huwezi kumsimamisha mtu kwenye mji wa mwenzio, sawa, lakini unaweza kuanza kijimji chako kigae kimoja kando, ukasimamisha mtu wako huko kihalali, kisha zamu inayofuata ukapata kigae cha kuviunganisha. Sasa ni mji mmoja una watu wawili. Mkiwa sawa kwa idadi, wote mnapata pointi zote, hazigawiwi nusu nusu. Na ukifanikiwa kuingiza mtu wa pili, wewe una wawili yeye mmoja, pointi zote zako na yeye hapati kitu, mji alioujenga usiku kucha.

Kwetu mzee mmoja, mtu wa bao tangu ujana wake, alicheza vigae kumi kimya kabisa, naona kabisa anacheza kwa adabu tu. Nikamzibia kijana mji wake. Mzee akainama akatizama, akaniuliza, "kwa hivyo mtu wake yule hatoki tena?" Nikamwambia hatoki, babu, mpaka mwisho. Akajivuta na kiti karibu. Tangu pale usiku ule hakuna aliyefunga mji zaidi ya vigae vitatu, na wiki ya pili yeye ndie aliyeuliza boksi liko wapi. Mtu anaebeba hesabu ya kete 64 kichwani na anajua kumnyima mwenzake mtaji, yaani nafasi ya kula kete, hii kwake ni lugha anayoijua, anabadilisha ubao tu.

8. Vigae vikimalizika mfukoni, kigae cha mwisho kikiwekwa na kuhesabiwa, mchezo umekwisha, lakini msivunje. Hesabuni vilivyobaki havijakamilika: njia kila kigae 1, mji kila kigae 1 na kila ngao 1, nyumba ya watawa 1 yenyewe na 1 kwa kila kigae kinachoigusa. Ule mji wa vigae 4 na ngao ungekuwa 10, haukufungwa, sasa ni 5. Fanyeni kwa mpangilio, rangi moja moja, na kila mkihesabu mtu aondolewe hapo hapo, ama sivyo mtamhesabu mara mbili.

9. Mashamba yangojee. Sheria kamili inaruhusu mtu alale kwenye majani awe mkulima, na yale majani yakikatwa na njia au mji ni shamba jengine. Mkulima harudi, analala mpaka mwisho, na mwisho mwenye wakulima wengi kwenye shamba anapata 3 kwa kila mji uliofungwa unaogusa shamba lake. Ni sehemu tamu na kwa wacheza wazoefu ndiyo inayoamua mchezo, lakini usiku wa kwanza inaharibu kila kitu, kwa sababu mgeni haoni shamba linaanzia wapi na linaishia wapi, anafika mwisho kapigwa pointi 20 hajui zimetoka wapi, anahisi kadanganywa. Mchezo wa tatu ndio uyaingize. Sio wa pili.

Kitu kimoja cha nadharia kwa wanaopenda kuhesabu, na wapo wengi: nyumba za watawa ni 6 tu mfukoni mote. Kigae ambacho ni mji pande zote nne kipo 1. Njia panda ya pande nne ipo 1. Karatasi ya sheria ina picha za vigae vyote na idadi ya kila kimoja, itoe hiyo picha tu uiweke mezani kuanzia mchezo wa pili, utaona watu wanavyobadilika.

Na tafadhali, msicheze kwa kubeti. Hata soda. Ikiingia pesa wazee watatoka, na watakuwa na haki.

Yakitokea haya

Kigae hakiingii popote. Hutokea mara chache. Kitieni nje ya mchezo, achote chengine.

Mtu kaishiwa watu wake wote. Anaendelea kuweka vigae tu, mpaka kimoja cha vitu vyake kikamilike. Karibu kila mgeni linamfika hili mchezo wa kwanza, anasimamisha mtu kila zamu kwa sababu anaona ni bure. Mwachie limfike, mchezo wa pili atabakisha wawili mkononi bila ya kuambiwa.

Mnabishana kuhusu mji mdogo wa vigae 2, mmoja anasema 2 mwengine anasema 4. Wote wamesoma sahihi, sheria za zamani zilisema 2 na za sasa ni 4 kama mji mwengine wowote. Mashamba nayo zamani yalikuwa 4 kwa kila mji na sasa 3. Fuateni karatasi iliyomo ndani ya boksi lenu, na mgeni kutoka baraza jengine akija mwambieni kabla ya kuanza.

Pointi zimepita mwisho wa ubao. Ubao una nafasi 50 ukihesabu na sifuri, ukizunguka mara moja mlaze yule mtu wa pointi ili kila mtu aone ana 50 zaidi, na uandike daftarini. Tulikuwa hatuandiki, na usiku mmoja watu wawili walikwenda nyumbani kila mmoja anajua kashinda yeye.

Mtu anafikiri mno, kahawa inapoa. Badilisheni: kila mtu achote kigae chake cha zamu ijayo mara tu anapomaliza zamu yake. Atapata muda wa kufikiri wakati wengine wanacheza. Dawa hii inatosha, msimharakishe mtu mzima.

Wamezidi kushindwa na wewe. Usicheze ovyo makusudi, wataona. Toka wewe, wacheze wao, kaa kama msaidizi wa hesabu kwa michezo miwili.

Upepo wa kusi. Keram kama nilivyosema, au mkeka ndani ya ukumbi, mlango ufungwe. Masika ndio adui mkubwa zaidi, vigae ni vya kadibodi na unyevu unavikunja pembe. Vile vipakti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe, tia vitatu vinne ndani ya boksi, na boksi lisikae chini sakafuni.

Kigae kimepotea. Chezeni tu, hamtohisi, lakini mwandike ndani ya kifuniko cha boksi ni kigae gani, kwa sababu wanaohesabu watakingojea mpaka mwisho.

Mko sita na hakuna anaekubali kutizama. Boksi la kawaida ni watu 5. Ipo nyongeza ya kwanza, ya nyumba za wageni na makanisa makubwa, inaleta rangi ya sita, vigae 18 na mtu mmoja mkubwa kwa kila mchezaji anaehesabiwa kama wawili. Jamaa yako akija kutoka nje mwambie akuletee hiyo. Ila kwanza hakikisheni mnacheza na mashamba bila ya kugombana.